Mafuta ya Mama

Majimbo, Embu
9 Februari 1986

Ndugu yangu Bundi,

Salamu zetu zikufikie huko juu kwenye baridi. Sisi tunaendelea, ila mafua yamezunguka nyumba nzima na sasa yameanza tena na aliyeugua wa kwanza. Kanana ameingia darasa la saba na tayari anatusahihisha sote kama mkaguzi wa shule. Mama hajambo. Tangu aje Krismasi miguu yake imepata nafuu, si kwa vidonge vya hospitali, bali kwa mafuta ya nyonyo anayoletewa na dereva wangu Ndambiri kutoka kwao Mbeere. Mke wa Ndambiri huyakamua mwenyewe. Jioni Mama hujichua hadi mboga jikoni zina ladha ya nyonyo. Juzi tulikuwa tukilalamika kwamba panya wametoboa stoo, naye akakatiza akasema, "Ile mimi nilishaiziba." Nikaenda kutazama, shimo la panya liko pale pale. Ndio uzee huo.

Ninalokuandikia ni lori. Unajua hali yake tangu marehemu mume wangu aniachie. Lilikuwa likidondosha tone hapa tone pale, kama lori lolote la umri wake, na hakuna aliyelisema vibaya. Lakini tangu katikati ya Januari linamwaga. Chini ya injini kote kumelowa, giaboksi imelowa, ekzosi inachoma mafuta na moshi unaingia ndani ya nyumba za watu. Uwanjani pameota doa jeusi ambalo kuku wanalipita wakirudi na miguu ya lami. Jana nimekuta unyayo wa mafuta kwenye shuka langu la kitanda na mpaka sasa hakuna aliyekubali ni wake. Bundi, nimeanza kulichukia lori ambalo linanilisha.

Ndambiri hulala chini yake kila jioni na kitambaa na spana, hutoka huko akiwa mweusi mpaka kwenye masikio. Mikono yake haijakauka mafuta tangu mwaka uanze. Akija kumwamkia Mama hukunja ngumi akampa kifundo cha mkono asimchafue, naye Mama hukishika kile kifundo kwa mikono miwili kana kwamba amepewa mtoto. Ndambiri anasema sili ya nyuma, ule mpira unaozuia mafuta, imechoka. Fundi Kasim wa pale karibu na soko anasema hivyo hivyo. Wewe unashinda na matrekta ya wazungu huko shambani, niambie nifanye nini kabla sijaanza kumlipa Kasim kufungua vitu.

Mama anakusalimu na kuuliza kama ng'ombe mweupe alizaa.

Dada yako anayenuka mafuta,
Cicily


Timau
14 Machi 1986

Dada Cicily,

Usione nimekaa kimya. Barua yako ililala posta kwa sababu karani mwenye ufunguo wa masanduku yetu alikwenda kwenye arusi akasahau kurudi. Huku tu wazima. Ngano imeota vizuri, asubuhi baridi inauma meno, na ng'ombe mweupe alizaa dume. Mke wangu Kiende anawasalimu. Amemfumia Mama sweta, nimelituma na barua hii kwa mkono wa mwenye gari la viazi. Mwambie Mama baridi ikipungua tutamwita.

Sasa lori. Nimesoma barua yako nikaacha chai. Dada, injini si kidonda cha kukaa ukikipangusa usaha kila jioni. Ndio maana mafundi wa mjini hunitia kichefuchefu: akiona mafuta nyuma atasema sili ya nyuma, akiyaona mbele atasema sili ya mbele. Mafuta huvuja juu, yakateremka yakipeperushwa na upepo wa feni, yakadondokea mahali ambapo hayakutokea. Mahali pa tone si mahali pa tundu.

Fanya hivi. Injini ioshwe yote kwa mafuta ya taa na brashi mpaka chuma kionekane. Ikaushwe. Kisha ipakwe unga mweupe mkavu, unga wa ngano ni bora, juu, ubavuni, mbele na nyuma. Iwashwe, mtu akae macho. Unga utalowa kwanza pale tundu lilipo. Kabla ya hapo usimruhusu huyo Kasim kugusa hata nati moja. Fundi wa kuziba tangi kwa kipande cha sabuni si fundi.

Na jambo jingine nalisema polepole. Ulichosema ni doa la uwanjani, lakini hukusema mnaongeza mafuta kiasi gani. Angalia hapo. Kuna mafuta yanayovuja, na kuna mafuta yanayotembea kwa miguu miwili.

Ndugu yako,
Bundi


Majimbo
20 Aprili 1986

Ndugu yangu Bundi,

Sisi hatujambo. Mvua imeanza na tope la Majimbo limechanganyika na mafuta ya lori, ukikanyaga unateleza mpaka kwa jirani. Kanana alianguka hapo akiwa na sare ya shule, na sabuni zote za dukani zimeshindwa na lile gauni. Sweta limemkaa Mama vizuri, amemshukuru Kiende. Kuhusu baridi ya Timau kupungua, sijasikia ikipungua tangu niolewe, na wewe unajua si baridi iliyomleta Mama huku. Nimeyaacha hapo.

Mama anapenda uwanja wetu kwa sababu una jua. Anaanika maharagwe yake kwenye gunia kando ya lori. Zamani alikuwa akigombana na Ndambiri kwamba yananuka grisi, siku hizi anasema hayanuki tena, kwamba alishaiziba. Nimemwambia panya na maharagwe ni mambo mawili, akaendelea kupepeta. Miguu yake ni mizuri. Chupa ya nyonyo ikiisha Ndambiri huleta nyingine bila kuulizwa.

Sasa usikasirike. Sikupaka unga. Hebu fikiria watu wa Majimbo wakiniona nimebeba unga wa ngano, ambao watoto wangu huuona Jumapili, nikilipaka lori kama mandazi. Nilimwacha Kasim afanye kazi yake. Alitoa giaboksi, akabadilisha sili ya nyuma, akabadilisha na gasketi ya kifuniko cha juu. Lori lilikaa kavu mpaka Runyenjes. Kurudi, mafuta yalikuwa yanatoka nyuma pale pale, na juu, na mahali pengine papya ambapo hapakuwahi kuvuja tangu litengenezwe. Kijiti cha kupimia mafuta kilikuwa kimeruka kutoka mahali pake, kinaning'inia. Kasim alikaa chini akashika kichwa. Akaniambia, "Mama Kanana, hii mafuta haivuji. Inasukumwa. Kuna kitu inaisukuma kutoka ndani." Anasema huenda ringi za pistoni zimekwisha na injini yote lazima ifunguliwe.

Wiki iliyopita akina mama wa soko walikataa kabichi nilizowapelekea kwa lori. Mmoja alivunja jani akalinusa, akalirudisha kwenye gari kwa ncha ya vidole viwili kama mtu anayeokota panya aliyekufa. Nilitamani ardhi inimeze. Zote zilikwenda kwa nguruwe wa misheni.

Kuhusu mafuta ya miguu miwili, nimekuelewa, wala sikupenda. Ndambiri aliendesha lori hili na marehemu. Alilipeleka hospitali marehemu akiwa amelala nyuma kwenye godoro. Huyo simwangalii mikono.

Cicily


Timau
3 Juni 1986

Dada Cicily,

Habari za huku ni nzuri. Kiende amefurahi kwamba sweta lilitosha. Habari zako za panya na maharagwe nimezipita mbio, unisamehe, maana nilitaka kufika kwa lori. Na nilipofika nikachukia.

Inasukumwa! Nimewasomea mafundi wenzangu hapa gereji wakacheka mpaka mmoja akajigonga kwa jeki. Huyo Kasim amekula gasketi, amekula sili, sasa anataka kula injini nzima, na wewe unamkatia nyama. Nilikuambia unga. Hukupaka unga kwa sababu ya macho ya majirani, ila kabichi kulishwa nguruwe hukuzionea haya.

Sasa nisikilize vizuri. Huku shambani tumemkamata dereva wa trekta akitoa mafuta ya injini kila jioni kwa sufuria ya kupikia, anawauzia wenye mashine za kusaga posho. Kisha anamwaga kidogo chini ili paonekane panavuja. Tena alikuwa mtu wa heshima sana, mzee wa kanisa. Kila mtu alisema huyo hawezi. Nilipoiona ile sufuria, ambayo mke wake baadaye alikuja kuidai apikie, nilitema mate.

Fikiria mwenyewe. Ni nani yuko chini ya lori lako kila jioni? Nani anakuambia mafuta yamepungua? Sili ni mpya, gasketi ni mpya, na mafuta bado yanakwisha. Huyo mtu alikuwa mwema kwa shemeji, sawa, lakini shemeji hayupo tena, na mjane ni shamba lisilo na ua. Siku moja msimamishe langoni wakati anakwenda nyumbani, umwambie afungue mfuko. Kama hana kitu, mimi nitakuja Embu nimwombe radhi kwa mdomo wangu. Kama anacho, hutahitaji barua nyingine kutoka kwangu.

Ningekuja mwenyewe, ila mavuno yanakaribia na hapa hawatoi ruhusa.

Bundi


Majimbo
29 Juni 1986

Bundi,

Tu wazima. Kanana anasoma. Mama anaumwa na miguu tena, hata uwanjani hatoki siku nyingine.

Ndambiri hayupo. Nimefanya ulivyoniambia na sitaki kulieleza.

Nimempata kijana anayeitwa Mutugi, anaendesha kama anakimbizwa. Amekuwa na lori kwa wiki mbili, na kila jioni nakagua mfuko wake na mifuko ya suruali. Hana kitu. Na lori linavuja kama kawaida, bali zaidi. Juzi lilimwaga mafuta mlimani pale kabla ya mto, yakashika moto kidogo juu ya ekzosi, Mutugi akayazima kwa koti lake. Basi niambie wewe mwenye mafundi wanaocheka: sasa mafuta yanaibwa na nani?

Mama hanisemeshi. Anakula jikoni peke yake. Nilimwuliza anataka nini, akasema anataka mafuta yake.

Nimechoka na lori, nimechoka na barua, na ukitaka kujua, leo nimechoka na wewe pia.

Cicily


Timau
27 Julai 1986

Dada,

Nimechelewa kwa sababu ya mavuno.

Hukuniambia ulipata nini kwenye mfuko. Kama ulimfukuza, nadhani ulikipata, na hapo basi tumemaliza habari hiyo. Mwizi kuondoka na tundu kubaki si ajabu, yaweza kuwa yalikuwa matatizo mawili.

Gari la viazi linakuletea mfuko wa unga wa ngano. Si wa chapati. Nimeandika LORI juu yake kwa rangi ili hata Kanana asikosee. Mwite huyo Kasim, mfanye nilivyosema mara ya kwanza. Unga ukilowa nyuma peke yake, sili ilifungwa vibaya. Ukilowa juu, ni gasketi. Ukilowa pote kwa pamoja, basi sijui, na niandikie haraka.

Kama Mama anawasumbua, anaweza kurudi Timau. Nitazungumza na Kiende.

Ndugu yako,
Bundi


Majimbo
24 Agosti 1986

Bundi,

Barua hii usiiruke mahali popote, hata salamu.

Kanana hajambo. Mama ametoka uwanjani leo, ana nguvu kuliko mimi. Hatarudi Timau, nawe acha kuzungumza na Kiende.

Unga wako ulifika. Jumamosi ya wiki iliyopita Kasim alikuja na brashi na debe la mafuta ya taa, tukaliosha lile lori tangu asubuhi. Sijawahi kuona uchafu wa namna ile. Ulikuwa unang'oka kwa vipande vinene kama ngozi ya ng'ombe, ndani yake kuna manyoya ya kuku, majani ya kabichi na jino la kitana. Mutugi alitapika, akasema ni chakula cha jana, lakini ilikuwa injini. Tulipomaliza ikakaushwa, tukaipaka unga mpaka ikawa nyeupe yote. Watu wa Majimbo walijaa kwenye ua. Nilikuwa nimekwisha kupita pale pa kuona haya.

Kasim akaiwasha. Unga ukaanza kulowa. Ulilowa juu, ukalowa ubavuni, ukalowa mbele na nyuma, karibu wote kwa pamoja, kama mtu anayetoka jasho la homa. Kijiti kikaruka. Kasim akazima injini, akafuta uso akasema, "Nilikwambia. Inasukumwa." Wala hakufurahi kusema hivyo, kwa sababu bado hakujua inasukumwa na nini.

Mama alikuwa ametoka na ungo wake wa maharagwe. Aliuona unga, akasimama. Unajua anavyochukia chakula kumwagwa. Akanisema kwa Kimeru mbele ya wote, kwamba nimekosa adabu kwa kulisha chuma unga wa ngano wakati yeye alishaiziba. Na mimi, Bundi, nilikuwa tayari kumwambia arudi ndani. Mdomo ulikuwa umefunguka. Sijui kwa nini nilisema kitu kingine. Nilimwuliza, "Mama, uliziba nini?"

Akaweka ungo chini, akaja mpaka kwenye lori, akainama na miguu yake ile, akanyoosha fimbo chini ya injini. Ubavuni kuna bomba dogo linashuka, mwisho wake umekatwa tu, halijaunganishwa na kitu. Ndilo lililokuwa likidondosha lile tone la zamani na kupuliza kimoshi, na lilikuwa likidondoshea maharagwe yake. Kasim akalala chini akapapasa. Mwisho wa bomba kulikuwa na gunzi la mahindi. Limegongwa ndani kwa jiwe, limejaa mafuta, jeusi, gumu, huwezi kulitofautisha na chuma. Kasim alisema mkono wake umelipita mara nyingi kuliko anavyoweza kukumbuka. Ndambiri vile vile, bila shaka. Ni nani hukagua bomba lisilo na kazi ya kufungwa wala kufunguliwa?

Akalivuta kwa koleo. Lilitoka kwa kishindo, kisha injini ikatoa moshi mrefu wenye harufu mbaya, kama mtu aliyebanwa tumbo tangu Januari. Kasim akapaka unga tena, akaiwasha. Unga ulibaki mweupe. Tone moja likashuka kwenye bomba, pale pale pa zamani. Kasim akasema injini hupumua kwa hapo, na ukiizuia kupumua itatafuta kila mwanya kutapika. Basi. Ringi nzima, sili nzima, gasketi nzima.

Mama hakuelewa kwa nini watu wanamtazama. Maisha yake yote kibuyu cha uji kikivuja kwenye mdomo hufungwa kwa gunzi, na debe la maji pia, na chupa ya mafuta pia. Wewe na mimi tumekwenda shule na uji uliofungwa kwa gunzi. Aliona kitu kinavuja, akakiziba, akatuambia. Nilimwuliza kwa nini hakueleza vizuri. Akasema, "Niliwaambia. Mlikuwa mnaandikiana."

Kisha akauliza kama ni kweli basi kwamba Ndambiri hakuiba kitu. Nikasema ni kweli. Akauliza ni nani amekwenda kumwambia. Akaingia ndani akavaa sweta lako, akatoka langoni, akapanda gari la wachukuzi wa muguka, yale majani ya kutafuna, linalokwenda Mbeere. Hakuniaga.

Sasa nitakuambia nilichokataa kukueleza Juni. Nilimsimamisha langoni, kama ulivyoandika, watu wakipita wakitoka kazini. Nikamwambia afungue mfuko. Alicheka kidogo, alidhani ni mzaha. Ndani mlikuwa na shati, nusu mkate, na chupa ya soda imejaa mafuta, imefungwa kwa gunzi. Nikauliza ni nini. Akasema, "Ni mafuta ya mama." Alikuwa ameyaleta asubuhi akakuta Mama amelala, akasahau kumwachia. Mimi nilisikia mafuta tu. Sikunusa, Bundi. Kunusa peke yake kungetosha, nyumba yangu nzima inanuka nyonyo. Nilimwita mwizi kwa sauti, nikasema amekula kwa marehemu sasa anakula kwa mjane, nikaitupa ile chupa mtaroni ikapasuka. Harufu iliponifikia alikuwa ameshavuka barabara. Niliijua pale pale, na sikumwita. Watu walikuwa wanatazama. Tangu siku hiyo nikijiangalia kwenye kioo nahisi kinyaa kuliko nilichokihisi mbele ya injini ile.

Wewe uliandika "huyo mtu." Mimi nilimwita mwizi kwa jina lake. Lawama gawanya mwenyewe.

Mama alirudi kesho yake. Keshokutwa yake Ndambiri alikuja. Alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, na alibeba chupa ya nyonyo. Sasa anaendesha lori la mchanga la mtu wa Kiritiri. Hakuingia ndani. Alifungua boneti, akawasha, akainama akatazama chini kwa muda mrefu. Ardhi ilikuwa kavu, ila lile tone. Akachukua kopo la maziwa akalifunga kwa waya chini ya bomba ili lisidondokee maharagwe. Ilikuwa kazi ya muda mfupi tu, na tungeweza kuifanya Januari. Akamwonyesha Mutugi namna ya kulimwaga kopo, akafunga boneti, akaosha mikono kwa maji na sabuni kwenye bomba la uwanjani, akaikausha kwa leso yake.

Mama akaja. Ndambiri akampa mkono. Si kifundo, Bundi, mkono wote, kwa mara ya kwanza tangu wajuane, na Mama akaushika akacheka akasema kumbe una kiganja kama watu wengine.

Nikasogea. Maneno niliyokuwa nimeyapanga usiku kucha yalinipotea yote, nikabaki na moja tu, nikalisema: nisamehe. Nikanyoosha mkono.

Aliiangalia mikono yake. Aliigeuza huku na huku, ilikuwa safi, bado ina unyevu wa maji. Akasema kwa upole, kama anavyosema siku zote, "Mikono yangu iko na mafuta, Mama Kanana."

Nikangoja anipe kifundo. Hakunipa.

Aliokota mfuko wake. Alipofika langoni alisimama pale nilipomsimamisha, akaufungua, akaugeuza chini juu nione kwamba ni mtupu, akaufunga tena. Kisha akaenda.

Mwaka huu mavuno yakiisha, wewe uliahidi kuja kumwomba radhi kwa mdomo wako. Mama anauliza ni siku gani.

Cicily